Mfinyanzi Aliyekataa Cheo

Katika Kijapani, neno utsuwa hutaja chombo cha kutilia chakula. Vilevile hutaja upeo wa utu na uwezo wa mtu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno naona kwamba maana hizo mbili zilikutana, tena kwa kugongana, katika maisha ya Kitaoji Rosanjin.

Alizaliwa Kyoto mwaka 1883, baba yake akiwa amekwisha kujiua. Alipokezanwa na walezi mbalimbali hadi alipochukuliwa na fundi mmoja wa kuchonga mbao za kuchapia. Hapo ndipo alipoanza kupenda mwandiko mzuri na kazi ya mikono.

Mwaka 1919 alifungua duka la vitu vya kale mjini Tokyo. Aghalabu aliwapikia wateja wake na kuwapakulia katika vyombo vile vile alivyoviuza, na kufikia mwaka 1921 wakawa chama cha walaji. Tetemeko la ardhi la mwaka 1923 liliangamiza duka hilo. Miaka miwili baadaye yeye na mshirika wake walifungua mkahawa wa kifahari, Hoshigaoka Saryo. Vyombo vya kale havikuwatosha wageni, na vya kiwandani havikumridhisha. Akajenga tanuri Kita-Kamakura, na pamoja na mafundi wake akatengeneza sahani na bakuli za udongo. Hata za mbao zilizopakwa urushi, yaani utomvu wa mti. Aliamini kwamba chombo ndicho vazi la chakula.

Hata hivyo, alikuwa mkali wa ulimi na mbadhirifu. Mwaka 1936 mshirika wake alimfukuza mkahawani. Ndoa zake nazo zilivunjika moja baada ya nyingine. Wapo wasemao kwamba chombo cha utu wake kilikuwa na ufa, nami sipingi.

Lakini mwaka 1955 serikali ilipotaka kumtunuku cheo cha Hazina Hai ya Taifa, alikikataa, kwa imani kwamba msanii hahitaji cheo. Alifariki mwaka 1959, na vyombo vyake vingali vikithaminiwa.

Ingefaa basi sisi wasomi, ambao vyeo hutangulia majina yetu, tujiulize: tukivuliwa vyeo hivyo, ni kazi gani itakayosalia mezani?