Mathias Mnyampala: Hakimu wa Dodoma Aliyeipa Ngonjera Jukwaa

Wengi wetu tuliosomea shule za msingi hapa Kakamega tuliwahi kusimamishwa mbele ya halaiki, mwenzetu akiwa mkabala, tukajibizana kwa beti tulizokariri wiki nzima. Mmoja alijifanya mbishi asiyeelewa, mwingine mjuzi wa mambo. Hatimaye mbishi akasalimu amri na ubeti wa mwisho tukaughani kwa pamoja. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba utungo huo ulisambazwa na Mgogo mmoja ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza.

Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, katikati ya Tanganyika. Watu wake walikuwa wafugaji na wakulima wa nchi kame. Kusoma na kuandika alikupata katika shule za misheni ya Kikatoliki, na dini hiyo akaishika hadi kufa. Aliwahi kuwa mwalimu, akawa karani wa serikali, kisha hakimu. Mnamo 1954 alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa nathari ya Kiswahili, kazi inayorejelewa na wanahistoria hadi leo.

Mtu wa namna hiyo aliukabilije ushairi? Katika zama zake, sanaa hii ilihesabiwa kuwa milki ya Pwani na ya Uislamu: Pate, Lamu, Mombasa, Tanga. Arudhi ilirithiwa kwa sikio, aghalabu sambamba na elimu ya chuoni. Mnyampala hakurithi lolote kati ya hayo. Ilimbidi ajizoeze kama afanyavyo Mluhya wa Lurambi au Mumias aliyejiunga na darasa la ushairi: kuhesabu mizani kwa vidole na kulazimisha vina vikae mahali pake. Ilisadifu kwamba mwaka ule ule wa 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, naye mtu wa bara, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kwa mara ya kwanza, kanuni zilizokuwa vifuani mwa mafundi ziliwekwa wazi kitabuni, na yeyote aliyejua kusoma angeweza kuzifuata.

Zoezi zito zaidi alilojipa Mnyampala lilikuwa la utenzi. Bahari hii ina mishororo mifupi ya mizani minane. Mitatu ya kwanza ya kila ubeti huafikiana kwa kina, na wa nne hubeba kina kimoja tangu mwanzo hadi tamati. Kwa karne kadhaa ilisimulia maisha ya Mtume na vita vya Uislamu. Mnamo 1963 Mnyampala aliutia humo ujumbe wa Injili katika Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 akafuatiza Utenzi wa Zaburi. Kwa maoni yangu, huu wa pili ndio uliokuwa mtihani mgumu. Injili ina kisa, na utenzi hupenda kisa. Zaburi ni maombi na maombolezo yasiyo na msuko wa matukio. Kuyaburura katika beti zenye kina kimoja cha mwisho ni kazi ya mtu asiyechoka. Mwaka huo wa 1963 ndio pia iliotoka Diwani ya Mnyampala, ambamo alionyesha kuwa shairi la mizani kumi na sita nalo halimshindi.

Alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwaka uliofuata, Rais Nyerere alikutana na washairi akawaomba walieneze kwa wananchi. Hapo mada haikuchaguliwa tena na mshairi, ilitolewa. Mnyampala alijibu kwa ngonjera. Malumbano ya kishairi yalikuwako tangu zamani, naye Muyaka wa Mombasa alisifika kwayo katika karne ya 19. Tofauti ni kwamba Mnyampala aliyatia wahusika wa kuigiza, akayaelekeza kwenye mwafaka, akawapa wanafunzi wayakariri na kuyatamba hadharani. Pengine, na hii ni dhana yangu tu, mazoea ya mahakamani yalimsaidia: pande mbili husikilizwa, ndipo hukumu itolewe.

Ila katika mahakama hii hukumu iliandikwa kabla ya kesi kuanza. Wahakiki wamelalamika kuwa mbishi wa ngonjera ni kikaragosi, kwamba hoja zake ni dhaifu kwa makusudi, na kwamba huu ni uenezi wa siasa uliovishwa vina. Lalamiko hilo siwezi kulipuuza. Mnyampala aliaga dunia tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, zilichapishwa mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Katika mwaka huo wa 1971, Operesheni Dodoma ilikuwa ikiwahamisha Wagogo, watu wake mwenyewe, kwenda vijiji vya ujamaa, na si wote waliohama kwa ridhaa. Katika beti, mwenye shaka alikuwa amekwisha kushawishika. Nje ya beti, alikuwa bado ana shaka na mifugo yake.

Hata hivyo, umbo lenyewe halina hatia. Ngonjera ilivuka mpaka ikaingia Kenya, ikapewa mada za UKIMWI, ufisadi, amani ya uchaguzi na utunzaji wa misitu, na bado mbishi hushindwa kila mara. Katika mazoezi ya chama chetu, pale mada inapotolewa na bahari kutajwa, ningependa tujaribu kumpa mbishi hoja zenye nguvu sawa na za mwenzake, kisha tuone ubeti wa mwisho utaghaniwa na nani.