Timu Isiyo na Chama: Maisha ya Knute Rockne

Apitaye Arusha saa za jioni, wakati Mlima Meru unapovua ushungi wake wa mawingu, huwakuta vijana wa vyuo wakicheza mpira kila penye uwanda. Hali yao si moja. Vyuo vingine vimo katika chama: vina ratiba, vina waamuzi, na mwisho wa mwaka kiko kikombe cha kushindania. Vingine, hasa vile vichanga vyenye wanafunzi wachache, havimo. Mwalimu wa michezo huandika barua huku na huku akiomba mchezo, na majibu yasije. Vijana wa vyuo hivyo huanza kudhani kwamba asiye na chama hana thamani. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wao popote nchini, yafaa tusimulie maisha ya mtu aliyefariki zamani, ambaye timu yake haikuwa na chama siku zote za maisha yake, na hata hivyo ikajulikana duniani.

Knute Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 huko Voss, katika nchi ya Norwei. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi. Fundi huyo alitangulia kwenda Chicago, Marekani, na mwaka 1893 mama akamfuata pamoja na watoto. Walikuwa Walutheri, kama walivyo jirani zetu wengi wa Meru. Kijana Knute hakupata fedha za kuendelea na masomo. Akaajiriwa posta, akapanga barua kwa miaka kadhaa huku akiweka akiba. Hata mwaka 1910, umri wake umefika miaka 22, ndipo alipojiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame, karibu na mji wa South Bend katika jimbo la Indiana.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile ambalo tangu mwaka 1958 limetumwa pia Uganda, kwa jirani zetu. Siku za Rockne kilikuwa chuo kidogo cha Wakatoliki, tena wengi wao watoto wa wahamiaji maskini. Mlutheri yule alipokewa vema. Alifanya kazi za usafi katika maabara ili apate karo, akasoma kemia kwa bidii, na mwaka 1914 akahitimu kwa heshima kubwa. Padre Julius Nieuwland, mtaalamu ambaye uchunguzi wake ulisaidia baadaye kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa viwandani, alimchukua awe msaidizi wake.

Lakini mchezo nao ulimvuta. Mpira wa Kimarekani si kama huu wetu. Huchezwa zaidi kwa mikono, watu hukamatana na kuangushana, na kila timu huisukuma nyingine nyuma hatua kwa hatua. Katika sehemu zile za Marekani vyuo vikuu saba vilikuwa vimeunda umoja mwaka 1896, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Big Ten. Walio ndani walijiwekea kanuni, wakapangiana michezo, wakagawana heshima na mapato. Notre Dame iliomba kuingia zaidi ya mara moja, ikakataliwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa kanuni za wachezaji gani wanastahili kucheza. Lakini Wakatoliki wengi wa siku zile waliona nyuma yake chuki dhidi ya dini yao. Michigan, chuo kikubwa cha jirani, kilishindwa na Notre Dame kwa 11 kwa 3 mwaka 1909. Mwaka uliofuata, ule ule alioingia Rockne chuoni, mchezo wa marudio ukavunjwa kwa hoja ya wachezaji wasiostahili, na timu hizo mbili hazikukutana tena uwanjani hata mwaka 1942. Akufukuzaye hakwambii toka.

Basi, mlango wa karibu ulipofungwa, ikabidi kubisha milango ya mbali. Mwaka 1913 mwalimu wa timu, Jesse Harper, aliandika barua kwa vyuo vilivyo mbali sana. Chuo cha maofisa wa jeshi huko West Point kikakubali, kikatoa na dola 1,000 za nauli. Rockne alikuwa nahodha. Majira ya joto ya mwaka ule yeye na rafiki yake Gus Dorais walikuwa wamefanya kazi ufukoni mwa Ziwa Erie, na kila walipopata nafasi walijizoeza kurusha mpira na kuudaka wakikimbia. Kanuni zilikuwa zimeruhusu jambo hilo tangu mwaka 1906, lakini timu kubwa hazikulijali. Tarehe 1 Novemba 1913 wasafiri hawa wasiojulikana waliwashinda wanajeshi kwa 35 kwa 13. Laiti wangalikubaliwa katika umoja wa jirani, huenda wasingalipanda treni ile.

Mwaka 1918 Rockne akawa mwalimu mkuu wa timu, akadumu hata mwaka 1930. Katika misimu hiyo 13 alishinda michezo 105, akashindwa 12, na 5 ikaisha sare. Alifanya msiba wa kutokuwa na chama kuwa njia ya kazi. Kwa kuwa hakufungwa na ratiba ya mtu, alipeleka vijana wake New York, Chicago, Atlanta na hata Los Angeles. Katika kila mji mkubwa walikuwapo Wakatoliki kutoka Ireland, Poland na Italia, wachimba makaa na waosha vyombo, ambao hawakukanyaga chuo chochote. Hao wakaifanya timu ile kuwa yao. Mwaka 1924 washambuliaji wake wanne walipewa jina la Wapanda Farasi Wanne, kwa mfano wa kitabu cha Ufunuo, na tarehe 1 Januari 1925 timu ikaishinda Stanford huko California kwa 27 kwa 10. Mmoja wa hao wanne, Elmer Layden, alikwenda mwaka 1927 kufundisha timu ya Chuo cha Duquesne mjini Pittsburgh, nayo wakati huo haikuwa na chama. Jina hilo lisiwe geni kwetu: Duquesne ni chuo cha Shirika la Roho Mtakatifu, na ni katika mapadre Wamarekani wa shirika hilo alikotoka Mhashamu Dennis Durning, askofu wa kwanza wa Arusha tangu mwaka 1963.

Hapa yatupasa kutazama jambo moja kwa makini. Asiye na chama hana wa kumkemea. Angeweza kucheza na yeyote, kumchezesha yeyote, na kufanya apendavyo. Wakuu wa Notre Dame waliiona hatari hiyo. Wakaunda baraza la walimu la kusimamia michezo, nao kwa hiari yao wakafuata sehemu kubwa ya kanuni za umoja ule ule uliowakataa, kama kutowachezesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Rockne mwenyewe hakuupenda sikuzote mkono wa baraza hilo. Alikuwa mtu wa haraka na mwenye kujiamini. Mwaka 1925 alitia sahihi mapatano ya kuhamia Chuo cha Columbia, kisha akayaacha. Mwaka 1926 alimwachia msaidizi timu yake siku ya mchezo na chuo cha Carnegie Tech, yeye akaenda Chicago kutazama mchezo mwingine. Vijana wake wakapigwa 19 kwa 0. Wakuu wake walimvumilia, lakini hawakumwachia hatamu.

Katika miaka hiyo hiyo moyo wake ulikuwa ukisafiri. Alikuwa ameoa mwanamke Mkatoliki, na njiani aliwaona wachezaji wake wakidamka alfajiri kwenda Misa na kupokea Komunyo, hata baada ya safari ndefu ya usiku. Tarehe 20 Novemba 1925 alibatizwa katika kikanisa cha magogo cha Notre Dame, na siku ya pili yake akapokea Komunyo ya kwanza pamoja na mtoto wake. Hakuna aliyemlazimisha, vijana wake walikuwa wamemfundisha mwalimu wao.

Mwaka 1928 ulikuwa mgumu: alishindwa mara nne. Mwaka 1929 uwanja wa zamani ulivunjwa ili kujenga mpya, hivyo timu isiyo na chama ikawa pia haina uwanja. Michezo yote tisa ilichezwa ugenini, naye Rockne alikuwa mgonjwa wa miguu, mara nyingine akiongoza kutoka kitini au kitandani. Wakashinda yote tisa. Mwaka 1930 uwanja mpya ulifunguliwa, wakashinda tena kila mchezo.

Tarehe 31 Machi 1931 alipanda ndege kwenda Los Angeles. Karibu na kijiji cha Bazaar katika jimbo la Kansas, ubawa wa mbao ulivunjika na watu wote wanane wakafa. Alikuwa na miaka 43. Alizikwa Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, na jeneza lake likachukuliwa na vijana sita wa timu yake. Msiba huo uliwafanya wakuu wa usafiri wa anga Marekani kuzikagua upya ndege za namna ile.

Lakini hatungekuwa wakweli kama tungeishia kwenye sifa. Katika miaka yote ya Rockne hakuna kijana mweusi hata mmoja aliyevaa fulana ya Notre Dame. Chuo kile kilichonung'unika kwa kufungiwa mlango kwa sababu ya dini, chenyewe kilikuwa kimewafungia wengine kwa sababu ya rangi. Mwanafunzi mweusi wa kwanza, Frazier Thompson, aliingia mwaka 1944, miaka 13 baada ya kifo cha Rockne. Ni rahisi mno mtu kuona mlango aliofungiwa yeye, na asiuone ule aliousimamia mwenyewe.

Tangu mwaka 2013 Notre Dame imo katika umoja mwingine wa vyuo kwa sehemu kubwa ya michezo yake, lakini mpira wake umebaki bila chama, isipokuwa msimu mmoja wa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Walichokataliwa zamani, leo wanakikataa wao wenyewe.

Hatusemi kwamba kukaa nje ya chama ni bora kuliko kuwa ndani. Chama chema huwalinda wadogo, na chuo kinachoweza kuingia na kiingie. Lakini mwalimu wa chuo kidogo miguuni pa Meru, ambaye barua zake hazijajibiwa, aandike nyingine, tena aipeleke mbali zaidi. Asingoje kikombe ndipo awafundishe vijana wake kuwahi mazoezini, kumheshimu mwamuzi, na kutomchezesha asiyestahili. Nanyi wazazi, mwanenu akirudi nyumbani akilalamika kwamba timu yao imekataliwa, mpeni pole kwanza. Kisha mwulizeni kama katika timu yao yuko kijana anayeachwa nje kwa sababu ya kabila lake, dini yake au umaskini wa kwao. Akisema yuko, huyo na aitwe kesho jioni, kabla mazoezi hayajaanza.