Bajeti ya Mwanafunzi Nkrumah

Hapa kitivoni Kwame Nkrumah anatajwa kama rais wa kwanza wa Ghana na rafiki wa Lumumba. Mimi, ninayeweka dola moja moja ili siku moja nikasome ng'ambo, namtazama kama mwanafunzi asiyekuwa na pesa.

Alizaliwa Nkroful mwaka 1909. Alihitimu ualimu Achimota mwaka 1930, kisha akafundisha kwa miaka kadhaa huku akijaribu kuweka akiba. Mshahara wa mwalimu haukutosha. Ndipo akajificha ndani ya meli hadi Lagos, kumwomba msaada jamaa yake aliyekuwa huko. Alipata pauni 100, na jamaa mwingine akamwongezea 50.

Mwaka 1935 alisafiri kupitia Uingereza, ambako ilimbidi angoje viza ya Marekani. Alipofika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, alikuwa amebakiwa na pauni 40 hivi, na masomo yalikwisha kuanza. Safari ilikuwa imekula sehemu kubwa ya akiba kabla ya somo la kwanza. Wengi wetu tunahesabu minervali na tiketi ya ndege, tukasahau viza, pasipoti na siku za kungoja.

Kisha kulikuwa na likizo. Wakati wa masomo alikuwa na kitanda bwenini. Likizo zilipofika, ilimbidi ajitafutie chakula na pa kulala. Aliuza samaki Harlem, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni, akahudumu melini. Usiku mwingine alikata tiketi ya treni ya chini ya ardhi ya New York na kulala humo, treni ikienda na kurudi. Tangu nisome habari hiyo, bajeti yangu ina miezi 12, si 9.

Jambo la mwisho linatugusa sisi wanaisimu. Baada ya shahada ya kwanza mwaka 1939, Nkrumah aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. William Welmers alipoandika sarufi ya Kifante, iliyochapishwa mwaka 1946, msemaji aliyemtegemea alikuwa Nkrumah, ingawa lugha yake ya mama ilikuwa Kinzema. Basi tunapoorodhesha mali zetu, tuandike pia Kiluba, Kibemba, Kiswahili na nyinginezo tulizo nazo. Katika barua ya kuomba nafasi, ujuzi huo una bei.

Nkrumah alirudi nyumbani mwaka 1947, miaka 12 baada ya kuondoka. Jamaa waliomchangia walingoja muda wote huo. Akiba yangu nayo ina pesa za mjomba na za dada yangu mkubwa. Katika daftari langu nimeziandika kwenye ukurasa wa madeni.