Kocha Aliyepoteza Mechi Sitini

Wanachuo wenzangu, tangu zisikike habari kwamba kocha wa timu yetu ya wanaume ya mpira wa kikapu anaondoka msimu huu ukiisha, bwenini kwetu hakulaliki. Wapo waliogeuka wahasibu. Tumeshinda ngapi, tumefungwa ngapi, kombe liko wapi. Hesabu zao hazipendezi, na wanasema waziwazi kwamba aende zake, kachelewa hata. Halafu ikajulikana anakokwenda: kufundisha sekondari Kibakwe. Hapo ndipo vicheko vilipoanza, na mmoja akataka kujua kama huko Kibakwe kuna hata ringi.

Mimi kwetu Kibakwe. Ringi ipo. Imepigiliwa kwenye nguzo ya mti, haina wavu, uwanja wenyewe ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha mpira haudundi, unakaa pale pale kama jiwe. Lakini makala hii si ya kuitetea ringi ya kwetu. Nataka nisimulie habari za kocha mwingine wa timu ya chuo, aliyeiacha timu yake mwaka 1907 akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Anaitwa James Naismith. Anayejua kikapu kidogo tu atasema huyo si ndiye aliyebuni mchezo wenyewe? Ndiye. Ila wengi hawajui kwamba kwa ukocha alikuwa wa kawaida, na ukifuata hesabu za bwenini kwetu, chini ya kawaida.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mwaka 1870 taifodi iliingia nyumbani kwao ikamchukua baba na mama, mmoja akimfuata mwenzake ndani ya wiki chache. James alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Yeye na ndugu zake wakalelewa na mjomba wao, Peter Young, na maisha yakawa ya shamba: ng'ombe, magogo, theluji. Kabla hajamaliza sekondari aliacha shule akaenda kukata miti kwenye kambi za mbao, akakaa huko miaka kadhaa. Kisha akarudi darasani, mtu mzima kati ya watoto. Hapo mimi husimama kidogo kila nikisoma habari zake, maana najua walioacha shule kwetu, na najua ni wangapi waliorudi.

Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Alipomaliza akaendelea na masomo ya uchungaji. Alicheza raga, akafundisha mazoezi ya viungo, na watu wa kanisa hawakupenda. Kwa wengi wao michezo ilikuwa kazi ya wahuni. Naismith aliona tofauti: kijana anayekataa kukaa kwenye benchi la kanisa anaweza kufikiwa akiwa uwanjani, akitoka jasho. Kwa hiyo mwaka 1890, na cheti chake cha theolojia mkononi, hakwenda kutafuta parokia. Alikwenda Springfield, Massachusetts, Marekani, kwenye chuo cha YMCA kilichofundisha walimu wa mazoezi. Inasemekana dada yake hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Yaliyotokea Springfield ndiyo yanayojulikana zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Desemba 1891 kulikuwa na darasa la vijana 18 waliokwisha kuwashinda walimu wengine. Baridi ilikuwa kali, hawawezi kutoka nje, na mazoezi ya kunyoosha mikono na kuruka viunzi yalikuwa yamewachosha. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 abuni mchezo wa ndani ambao hautavunja watu miguu. Alijaribu kuingiza raga ndani, ikashindikana. Alijaribu mpira wa miguu, madirisha yakawa hatarini. Mwishowe akakumbuka mchezo wa utotoni, wa kurusha jiwe ili kuangusha jiwe lililowekwa juu ya mwamba. Aliyerusha kwa nguvu moja kwa moja alikosa mara nyingi, na jiwe lake likaenda mbali. Aliyerusha taratibu, jiwe likapanda na kushuka, alipata. Waliotungua maembe watanielewa. Basi lengo likawekwa juu, mlalo, ili nguvu isisaidie. Mlinzi wa jengo hakuwa na maboksi aliyoyaomba, akampa vikapu viwili vya matunda, vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini. Zikaandikwa sheria 13. Mechi ya kwanza, tisa kwa tisa, na mpira wa miguu wa kawaida, iliisha kwa bao moja kwa sifuri. Kudunda mpira hakukuwepo. Hata kikapu kilikuwa na kitako, ukifunga mtu anapanda kuutoa mpira.

Mchezo ulienea haraka kupitia matawi ya YMCA. Naismith hakuufuata kuutafutia fedha. Hakujiandikishia haki, na hakutajirika kwa kikapu mpaka anakufa. Mwaka 1895 alihamia Denver, akasoma udaktari wa binadamu huku akifanya kazi ya mazoezi YMCA, akahitimu mwaka 1898. Hesabu sasa: mchungaji, mwalimu wa viungo, daktari. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kilimwita kuongoza ibada za chuo na kufundisha elimu ya viungo. Ukocha wa kikapu ulikuja kama nyongeza, kama vile kwetu mwalimu wa Kiswahili anavyojikuta amekabidhiwa na kwaya.

Mechi ya kwanza ya Kansas ilichezwa tarehe 3 Februari 1899 dhidi ya YMCA ya Kansas City. Walifungwa 16 kwa 5. Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya baada ya hapo, lakini miaka iliyofuata timu ilipanda na kushuka, zaidi kushuka. Naismith hakuwa mtu wa kuchora mbinu ubaoni. Kuna wakati alikuwa refa wa mechi za vijana wake mwenyewe, na hakuwapendelea. Hakuona kwa nini kijana afundishwe namna ya kumshinda mwenzake katika mchezo aliouweka ili watu wafanye mazoezi na wajifunze kujizuia. Alipenda mieleka na vitara kuliko kikapu, na akiulizwa mazoezi bora kwa mwili ni yapi, kikapu hakikuwa cha kwanza midomoni mwake.

Kati ya wachezaji wake alikuwemo kijana mmoja mwenye sauti kubwa, Forrest Allen, aliyepewa jina la utani Phog. Chuo cha jirani cha Baker kilipomtaka Allen awe kocha wao, Naismith alicheka. Alimweleza kwamba kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Allen hakukubali, akaenda kufundisha, akashinda.

Sasa ndio tunafika msimu wa 1906–07, wa mwisho wa Naismith. Kansas walicheza mechi 15, wakashinda 7, wakafungwa 8. Hakuna kombe, hakuna sherehe ya kuaga iliyoacha jina katika historia. Jumla ya miaka yake yote ni ushindi 55 na vipigo 60. Timu hiyo leo ni kati ya zilizoshinda mechi nyingi kuliko zote katika vyuo vya Marekani, imekwisha kuvuka ushindi wa 2,000, na katika orodha ndefu ya makocha wake ni mmoja tu aliyeondoka na vipigo vingi kuliko ushindi: mwenye mchezo wake. Na kama mkosi haukutosha, jengo jipya la michezo, Robinson, lilifunguliwa mwaka huohuo wa 1907. Yeye alifundishia kwenye chumba cha chini chenye dari fupi. Jengo lilipokuwa tayari, timu ilikuwa mikononi mwa Allen. Msimu uliofuata, 1907–08, wakashinda 18 na kufungwa 6.

Wale wahasibu wa bwenini wangefunga daftari hapo, na sitawaambia kwamba namba zinadanganya. Kama kazi ni kushinda, Allen aliiweza na Naismith hakuiweza. Allen aliondoka mwaka 1909, akarudi baadaye, akafundisha hadi 1956, na wachezaji wake waligeuka makocha wakubwa kina Adolph Rupp na Dean Smith. Watu humwita Allen baba wa ukocha wa kikapu, na anastahili. Nashangaa tu kwamba mtu aliyefungwa mechi 60 hakuhama mji kwa aibu. Naismith alibaki chuo kilekile miaka 30 mingine. Akafundisha elimu ya viungo, akapima afya za wanafunzi wageni, akamtazama kijana wake wa zamani akiugeuza mchezo kuwa kitu ambacho yeye hakukikusudia, wakabishana juu ya sheria, wakabaki marafiki. Katikati alikwenda na askari wa Kansas kama mchungaji wao kwenye mpaka wa Mexico mwaka 1916, kisha Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chini ya YMCA. Uraia wa Marekani aliuchukua mwaka 1925 tu.

Mwaka 1933 alifika chuoni hapo kijana mweusi, John McLendon, mzaliwa wa Hiawatha, Kansas. Alitaka kuwa kocha. Baba yake alikuwa amemwelekeza amtafute Naismith awe mshauri wake wa masomo. Timu ya chuo, ambayo wakati huo ni ya Allen, haikuchukua weusi, kwa hiyo McLendon hakuvaa jezi ya Kansas hata siku moja. Masomo ya elimu ya viungo yalidai kila mwanafunzi ajue kuogelea, na bwawa lilikuwa la weupe. McLendon aliingia majini. Wenzake wakatoka, na maji yakaja kumwagwa yote. Naismith alisimama upande wa mwanafunzi wake. Mzee wa zaidi ya miaka 70, karibu astaafu, hakuwa na la kupata katika ugomvi ule. McLendon alihitimu mwaka 1936, mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo pale.

Mchezo ambao mzee alisema haufundishwi, kijana huyu akaufundisha dunia. Akiwa kocha katika chuo cha weusi cha North Carolina, mjini Durham, aliwakimbiza wapinzani uwanja mzima wakati wengine walicheza taratibu. Tarehe 12 Machi 1944, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, timu yake ilicheza kwa siri, milango imefungwa, na timu ya weupe ya wanafunzi wa udaktari wa Duke. Sheria za ubaguzi za jimbo lile zilikataza jambo hilo. Vijana wa McLendon walishinda 88 kwa 44. Baadaye, akiwa Tennessee, alichukua ubingwa wa taifa wa vyuo vya NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957 hadi 1959. Alifariki mwaka 1999, na maisha yake yote alimtaja Naismith kama mwalimu wake.

Nisije nikamfanya malaika. Kansas haikumchezesha mweusi hadi mwaka 1951, miaka 12 baada ya Naismith kuzikwa. Alimtetea mwanafunzi mmoja aliyekuwa mbele yake. Kuta za chuo hakuzibomoa, na sijaona popote kwamba alijaribu kuibomolea timu mlango. Hilo nalo liandikwe.

Mwaka 1936 kikapu kiliingia Olimpiki, Berlin. Naismith hakuwa na nauli. Makocha wa Marekani, Allen akiwa mstari wa mbele, walichangisha senti kutoka kwenye tiketi za mechi, na mzee akapanda meli. Alirusha mpira wa kuanzisha mechi ya kwanza. Michezo ilichezwa nje, kwenye viwanja vya udongo. Siku ya fainali, Marekani na Kanada, nchi yake ya sasa na nchi aliyozaliwa, mvua kubwa ikanyesha. Uwanja ukawa tope, mpira haukudunda kabisa, wachezaji wakawa wanapasiana tu na kuteleza. Iliisha 19 kwa 8. Naismith ndiye aliyewapa medali, waliolowa wote. Ninapofikiria fainali ile huwa naiona ringi ya kwetu Kibakwe wakati wa masika, na nadhani mzee yule angeutambua uwanja wetu haraka kuliko kumbi za siku hizi alizopata kuchezea Hasheem Thabeet wetu.

Alistaafu mwaka 1937, akafariki Lawrence tarehe 28 Novemba 1939. Kansas leo wanachezea ukumbi unaoitwa kwa jina la Allen. Sakafu ndani ya ukumbi huo, pale vijana wanapokanyaga, inaitwa kwa jina la Naismith.

Juzi jioni nilimkuta kocha wetu uwanjani akihesabu mipira ili aikabidhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza kama ni kweli natokea Kibakwe na mabasi ya huko yanaondoka saa ngapi. Nikamwambia afike stendi alfajiri, apitie Mpwapwa. Akataka kujua pia ringi iko kwenye urefu gani. Sijawahi kuipima. Nimempigia simu mdogo wangu aende na futi kamba.