SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KADHI ALIYETAKA MTOTO ASIACHE KALAMU WALA DINI

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu ni nani waliokikuza Kiswahili, atakutajia wamisheni. Atakwambia Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, atakwambia Steere alikuwa Unguja, na kama ni msomaji kweli kweli atakutajia Kamati ya Lugha iliyoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mnamo Januari 1930. Hayo ndiyo tunayoyaandika kwenye mtihani na tunapewa alama zetu. Lakini mwaka huo huo wa 1930, pale pale Mombasa, kulikuwa na mtu aliyekuwa akitoa gazeti lake mwenyewe la Kiswahili, tena kwa herufi za Kiarabu, na jina lake halimo katika daftari langu la isimujamii. Mlezi wa chama chetu alipotugawia majina ya watu wa kuandikia, wenzangu walipata Shaaban Robert na Muyaka. Mimi nikapata kadhi.

Sasa mimi ni Msabato, na wengi wenu mnalijua hilo kwa sababu Jumamosi hamnioni. Huenda mtajiuliza Msabato na kadhi wa Mombasa wapi na wapi. Hebu subirini kidogo.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891 katika ukoo wa Mazrui. Huo si ukoo wa kuchezewa katika historia. Ndio uliotawala Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said alipouteka mji. Babake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki 1894, kijana akiwa bado mdogo wa kubebwa. Mwaka uliofuata Waingereza wakatangaza himaya yao, na Wamazrui wengine wakiongozwa na Mbaruk bin Rashid wakashika silaha dhidi yao. Walishindwa 1896. Kwa hiyo Al-Amin alipopata fahamu zake, alikuta bendera nyekundu ya Sultani bado inapepea Ngome ya Yesu, lakini amri zinatoka kwa Mwingereza.

Yatima huyo alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi, na ndiye aliyemwanzisha elimu. Baadaye akavuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa mabingwa wa wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Wakati ule mtu akitaka elimu kubwa ya dini pwani hii alikwenda Unguja, kama sisi tunavyoota kwenda Nairobi. Pia alisoma maandishi yaliyotoka Misri, hasa jarida la Al-Manar la Rashid Rida, ambalo liliwahimiza Waislamu wajirekebishe na kuishika elimu ya kisasa. Fikra hizo zilimwingia sana. Alirudi Mombasa akiwa na macho mengine.

Na Mombasa aliyoiona ilikuwa na tatizo, nalo ndilo lililonifanya niendelee kusoma habari zake mpaka saa nne ya usiku, taa ya mafuta ikikaribia kwisha. Serikali ya wakoloni iliwaachia wamisheni sehemu kubwa ya kazi ya kuelimisha Waafrika, na ikawasaidia kwa ruzuku. Shule za misheni zilikuwa nzuri. Mtoto alitoka pale anajua Kiingereza na hesabu, akapata kazi ya ukarani, reli au bandarini. Lakini shule ile ilikuja na maombi yake ya asubuhi, na somo lake la Biblia, na mara nyingi na jina jipya la ubatizo. Serikali yenyewe ilifungua Shule ya Waarabu hapo Mombasa mwaka wa 1912, lakini shule moja ingeweza kuchukua watoto wangapi? Na mtoto Mwafrika Mwislamu ambaye hakuhesabiwa kuwa Mwarabu aende wapi? Maana enzi hizo hata shule zilipangwa kwa rangi.

Basi mzazi Mwislamu alisimama njia panda. Akimpeleka mtoto misheni, anahofia atarudi na dini nyingine. Akimweka nyumbani na chuoni kwa Kurani peke yake, mtoto atahifadhi vizuri lakini ataachwa nyuma, na kazi zote zitakwenda kwa watu wa bara waliosoma. Wazazi wengi walichagua kumweka nyumbani. Mimi siwalaumu hata kidogo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Sheikh Al-Amin alikataa kuchagua. Hapo ndipo ninapompendea. Yeye hakuona kwa nini mtoto alazimishwe kutoa kimoja ili apate kingine, na maisha yake yote ya kazi ni kama jibu refu kwa wale waliotaka achague.

Mwaka wa 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iitwayo Sahifa. Mwezi wa Februari 1932 akatoa gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, yaani marekebisho. Kitu cha kuangalia ni kwamba mwanachuoni wa namna yake angeweza kuandika kwa Kiarabu tu, asomwe na wanavyuoni wenzake, wasifiane wenyewe kwa wenyewe. Yeye aliandika Kiswahili cha Mombasa ili asomwe na muuza samaki na fundi wa nguo. Wasiojua kusoma walisomewa.

Na aliwaambia nini? Nilidhani ningekuta matusi kwa wazungu. Kumbe wa kwanza kuchapwa ni Waislamu wenzake. Aliwasema kwa usingizi wao, kwa kutupa fedha nyingi kwenye harusi na matanga huku hawana hata senti ya kujenga skuli (huko pwani ndivyo wanavyoita, skuli). Aliwakumbusha kwamba elimu ya hesabu, ya nyota na ya udaktari haikuwa ngeni kwa Uislamu, kwa hiyo kuisoma si kumfuata Mzungu. Kisha akawageukia vijana waliokwisha kusoma. Aliona wanaiga mambo mepesi ya Wazungu, pombe na mavazi, na kuyaacha yale mazito kama bidii, umoja na kupenda elimu. Alitaka waige kinyume chake. Nadhani hapo vijana wa Mombasa hawakufurahi sana. Hata sisi tungenuna.

Wasichana je? Wakati ule wengi waliona msichana akijua kusoma sala zake inatosha. Sheikh Al-Amin alitetea masomo ya wasichana, na kwa mtu wa cheo chake kusema hivyo katika miaka ya 1930 si mchezo.

Tena hakuishia kwenye maneno. Alianzisha madrasa ya Al-Ghazali hapo Mombasa, na akaandika vitabu vidogo vya kufundishia watoto dini kwa lugha yao wenyewe. Alianza pia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Jambo hili lina kisa chake. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka wa 1923, na aliyeitoa alikuwa mmisheni wa Kianglikana wa Unguja, Godfrey Dale. Fikiria Mswahili Mwislamu anayetaka kuelewa kitabu chake kwa lugha yake, na kilichoko sokoni ni kile alichoandikiwa na kasisi, pamoja na maelezo ya kasisi. Kwa nyinyi Wakristo wenzangu, ni kama Biblia yetu tungetafsiriwa na kufafanuliwa na shehe. Labda angefanya kazi nzuri, lakini tungetaka yetu.

Mwaka wa 1932 aliteuliwa kuwa kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Gazeti la Al-Islah lilikuwa limeshakoma kufikia hapo. Kazi ya kadhi ni ya kila siku: ndoa, talaka, urithi, mashamba ya wakfu. Wapo wanaoweza kusema kwamba mtu akila mshahara wa serikali ulimi wake unakuwa mzito. Mimi naona tofauti. Makala zake za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kuwa kitabu kiitwacho Uwongozi mwaka wa 1944, akiwa Kadhi Mkuu tayari. Mtu aliyenyamazishwa hachapishi tena maneno yake ya zamani.

Aliendelea pia kufundisha. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye naye akawa Kadhi Mkuu, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani ilitoka 1969. Hivyo kazi iliyoanzwa na mwalimu ilifika kwa mikono ya mwanafunzi.

Nyumbani mwake alikuwa na mwana aliyezaliwa 1933, Ali. Baba alitaka mwana huyu aende Misri, Chuo cha Al-Azhar, awe mwanachuoni wa dini kama wazee wake. Lakini Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka wa 1947, Ali akiwa na miaka 14, na safari ya Misri ikafa naye. Kijana alimaliza shule kwa daraja la tatu (wanaopata D za hesabu mjipe moyo), akafanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, halafu akaenda Manchester, New York na Oxford. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui wa Makerere, aliyefariki 2014 na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wao kando ya Ngome ya Yesu. Sikuwahi kusikia mtu akisema kwamba alipoteza dini yake kwa kusoma huko kote.

Nimesema mimi ni Msabato. Kabla sijahamia hapa nilisoma shule nyingine ambako mtihani wa kila wiki wa hesabu uliwekwa Jumamosi asubuhi. Muhula mzima niliandikiwa sifuri. Babangu alikwenda kuzungumza na wakubwa wa shule wakamwambia kwa upole kwamba hakuna aliyemlazimisha kuniandikisha pale. Ndiyo ile ile njia panda ya Mombasa: chukua kalamu uache dini, au shika dini uende zako.

Sheria haisemi hivyo, na si ya jana. Sheria ya Elimu ya 1968 ilimpa mzazi haki ya kuomba mtoto wake asihudhurie ibada ya shule. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya imani yake. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya kanisa letu kuhusu masomo ya Jumamosi, ikakubaliana na sisi. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba msichana wa Kirastafari arudishwe darasani na nywele zake. Lakini mwaka huo huo wa 2019, ile kesi ya hijabu kutoka shule ya kutwa huko Isiolo ilipofika Mahakama ya Juu, wasichana walioshinda rufani 2016 wakashindwa, kwa sababu ombi lao halikuletwa mahakamani kwa njia iliyotakiwa. Majaji wakashauri shule izungumze na wazazi, na wizara itoe mwongozo. Nilipomsomea babangu habari hiyo alicheka, akaniuliza ni wazazi gani hao, maana yeye alikwishazungumza.

Hapa kwetu mambo ni nafuu, na nasema hivyo si kwa sababu mwalimu mkuu atasoma gazeti hili. Jumatatu alasiri mwalimu wa hesabu hunipa mtihani wa Jumamosi peke yangu, maswali tofauti, na ni magumu zaidi ya yenu. Wenzetu Waislamu huruhusiwa kwenda msikitini Ijumaa saa saba kasorobo mradi warudi kabla ya kipindi cha pili cha mchana. Lakini mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu hatuna. Jirani yangu wa dawati anataka kulifanya somo hilo katika KCSE, na analisoma mwenyewe kwa daftari za binamu yake wa Garissa, ambaye mwandiko wake, wallahi, hausomeki. Jioni mimi humsaidia kunakili. Mpaka sasa tumefika ukurasa wa arubaini.