Carl Schillings: aliyewapiga simba picha gizani

Wasikilizaji wetu wa Tunduma, Momba na Mbozi hututumia picha za simu wakiuliza: hii ni ya kweli, au imetengenezwa na akili mnemba, ile ambayo wengi tunaiita AI? Swali hilo ni la zamani kuliko simu, na kuna Mjerumani aliyelijibu akiwa kwenye ardhi hii hii ya Tanzania.

Carl Georg Schillings alizaliwa Düren, Ujerumani, mwaka 1865. Alikuja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Alikuwa mwindaji na aliua wanyama wengi, hilo tusilifiche. Baadaye akaingiwa na hofu kwamba wanyama wanakwisha, ndipo akashika kamera.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Wakati huo picha zilipigwa kwenye vioo. Vioo hivyo, kamera nzito na unga wa kutoa mwanga vilibebwa na wapagazi kupita nyika za Kilimanjaro na Mto Pangani, ingawa sifa alipata yeye. Usiku mnyama akigusa uzi, unga ulilipuka kwa mwanga mkali na kamera ikafyatuka papo hapo. Ulikuwa mtego kama wa porini, ila huu ulinasa sura.

Mwaka 1905 alitoa kitabu chenye picha 302, akitangaza kuwa hazikuguswa na mkono wa fundi. Enzi hizo mafundi walizoea kuchora juu ya picha, kwa hiyo hapo tunampa heshima yake. Lakini simba wake walivutwa na punda au ng'ombe aliyefungwa kama chambo. Picha ilikuwa ya kweli, tukio lilikuwa limepangwa. Nasi tukiletewa picha, tunauliza yote mawili.

Schillings alifariki Berlin mwaka 1921, lakini mtego wake bado unatumika. Tangu mwaka 2010, kamera zinazohisi joto na mwendo zimepiga mamilioni ya picha Serengeti. Watu wa kujitolea waliziwekea majina, huyu nyumbu, huyu fisi, kisha kompyuta ikafundishwa kwa picha hizo hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Takriban robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama yeyote, mara nyingi ni nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Kuzichambua hizo ndiyo kazi ya kwanza ambayo kompyuta iliwapunguzia watu.