Mwalimu Mbotela wa Frere Town na habari tusizowasimulia watoto

Mtu akisimama Forodhani, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huiona bara ya Kisauni ng'ambo ya maji. Upande huo, katika kijiji cha Frere Town, ndiko alikozaliwa marehemu Mwalimu James Juma Mbotela, aliyetunga Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1934, nacho kilisomwa mashuleni Kenya na Tanganyika kwa miaka mingi. Nimeona leo nieleze maisha ya mtu huyu, maana habari zake zinatuhusu sisi wa kisiwani kuliko tupendavyo kukiri.

Babake hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Myao, wa nchi za karibu na ziwa Nyasa. Alitekwa nyara, akaswagwa kwa miguu pamoja na wenziwe hadi pwani, wakapakiwa jahazini ili wakauzwe. Mungu akajaalia jahazi lile likakamatwa na manowari ya Waingereza, na mateka wale wakaletwa Mombasa.

Wakati huo mambo ya biashara ya watumwa yalikuwa yamebadilika. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza, alifika Unguja kumshurutisha Seyyid Barghash bin Said aizuie biashara hiyo. Tarehe 5 Juni mwaka huo Seyyid alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Manowari zilipozidi kukamata majahazi, ilibidi watu waliookolewa watafutiwe makao. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa CMS walipoanzisha kijiji Kisauni, wakakiita kwa jina la Frere.

Wakazi wake, tuliowaita Wamisheni, walitoka katika makabila mengi, kila mmoja na lugha yake. Watoto wao walikua na lugha moja tu ya kuwaunganisha, nayo ni Kiswahili. Mbotela alikuwa mmoja wa watoto hao. Alisoma katika shule ya misheni, akawa mwalimu, na hadithi za safari ya utumwa akazisikia nyumbani kwao, kwa mtu aliyezipitia kwa miguu yake mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kijiji hicho hakikulala raha. Kengele yake, ambayo ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni hata leo, ilipigwa kuonya watu hatari inapokaribia. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia kwa wamisionari, na mabwana wao wa mjini wakachukia. Wala Frere Town yenyewe haikuwa pepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wake, Streeter, alipatikana na lawama ya kuwapiga viboko watu wale wale waliokwisha kukombolewa.

Sasa nije kwenye kitabu. Mwalimu Mbotela anaeleza jinsi vijiji vilivyovamiwa, jinsi mateka walivyoteseka njiani, jinsi walivyookolewa baharini na jinsi walivyoanza maisha mapya Kisauni. Ni kitabu chepesi, mtoto hukisoma akakielewa. Wahakiki wengi wamekilaumu, nami naona lawama yao ina haki. Mwarabu ndani yake ni mkatili na Mwingereza ni mwokozi, kana kwamba Waingereza wenyewe hawakuwahi kusafirisha watumwa kwa malaki kuvuka bahari ya Atlantiki kabla hawajaipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Lakini, ndugu msomaji, tukiisha kukilaumu kitabu cha jirani, tujiulize chetu kiko wapi. Mateka wa Frere Town walikuwa wachache wakilinganishwa na watumwa waliokuwa upande wetu. Hapa kisiwani, na katika mashamba ya Kisauni, Mtwapa na Takaungu, walikuwako wazalia, yaani watoto waliozaliwa utumwani. Hao hawakumjua mwindaji wala hawakuona jahazi. Walizaliwa katika nyumba za mabwana, wakasema Kiswahili tangu utotoni, wakacheza na watoto wa nyumba ile, na baadhi yao wakasomeshwa Kurani. Hata hivyo mtoto alifuata hali ya mamake: mama akiwa mtumwa, naye ni mtumwa, ila kama babake ndiye bwana mwenyewe na amemkubali. Mwenzake wa kucheza alipokua akawa bwana, yeye akawa wa kutumwa.

Dini yetu ilifungua mlango wa kutoka. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya makosa kadha wa kadha, na fungu moja katika mafungu manane ya zaka limewekwa kwa kuzikomboa shingo. Bilal bin Rabah alikuwa mtumwa, akawa mwadhini wa Mtume. Wako waungwana wa Mombasa walioupita mlango huo kwa radhi ya Mungu, na wako waliongoja mpaka walipwe. Tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai, Kampuni ya Waingereza ilitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400, baada ya mabwana kukubali kupokea fedha. Mwaka 1907 Serikali ilipoufuta utumwa kisheria katika pwani yetu, mabwana ndio waliodai na kulipwa fidia. Mzalia aliyelima shamba lile miaka yote hakulipwa senti.

Naye hakuandika kitabu. Tangu utoto wangu nimesikia nasaba za watu wakubwa zikihesabiwa mpaka babu wa kumi, lakini penye mzalia mazungumzo hukatizwa, watoto wakaambiwa waende wakacheze. Mwenye asili hiyo huificha kwa kuogopa kuvunjiwa heshima posa inapoletwa, na mwenye asili ya bwana hunyamaza kwa haya.

Kwa hiyo simlaumu sana Mwalimu Mbotela. Yeye alisimuliwa na babake, akaandika alichosimuliwa, kwa macho ya watu waliomlea. Kosa la kitabu chake tungaliweza kulisahihisha sisi kwa kuandika cha upande wetu. Mzazi mwenye nakala ya Uhuru wa Watumwa na ampe mwanawe akisome, kisha akae naye amweleze pale ambapo mtunzi amepindukia, na amweleze pia yale ambayo mtunzi hakuyajua, yaliyotendeka katika nyumba zetu wenyewe. Wazee waliosimuliwa na wazalia kwa vinywa vyao wanazidi kupungua. Aliye na bibi wa namna hiyo achukue kalamu, aketi karibu naye, amwombe kwa adabu amwambie mamake bibi alikuwa nani.